Majina Matatu: Vitabu vya Ubatizo vya Aldgate na vya Uzaramo

Katika vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza makanisa ya kale na kumbukumbu zake, kimoja ambacho wapenda mambo hayo hawajaacha kukitumia ni The Parish Chest cha W. E. Tate, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka wa 1946. Maana ya jina lake ni sanduku la parokia, yaani lile sanduku zito la mti, lenye kufuli zaidi ya moja, lililowekwa kanisani ili kutunza maandiko. Mwandishi analifungua mbele yetu na kutoa kitabu baada ya kitabu: cha ubatizo, cha ndoa, cha maziko, hesabu za wazee wa kanisa, maazimio ya mikutano yao, fedha za maskini, mambo ya njia na ya mashamba. Tumekisoma tukiwa na swali moja ambalo yeye hakuulizwa: chaweza kumfaa nini mwalimu wa Kisarawe au wa Maneromango, au mchungaji aliyehamia Kibaha, akikabidhiwa vitabu vya zamani na kuombwa aandike historia ya kanisa kwa ajili ya sikukuu?

Jibu letu ni kwamba chafaa sana, ila kina upungufu mmoja kwetu, na upungufu huo ndio uliotufanya tushike kalamu.

Kwanza tuseme uzuri wake. Tate haanzi na mtu mkubwa. Hatusimulii ni bwana gani aliyejenga mnara, wala ni askofu yupi aliyeweka wakfu madhabahu. Yeye huuliza ni nani aliyelipwa kwa kuziba paa, maskini gani alipewa viatu, mtoto wa nani alizikwa bila jina. Historia za makanisa yetu, karibu zote, zimefuata njia nyingine. Huanza na Mzungu aliyeshuka merikebuni, hueleza homa zake, nyumba yake na kaburi lake. Kisha huja Mzungu wa pili. Wakristo wenyewe huingia kwa hesabu: mwaka fulani walibatizwa kadha, mwaka wa pili wakazidi. Hatusemi ya kuwa habari hizo ni za uongo. Twasema ni habari za taarifa, zilizoandikwa ili zisomwe na watu wa Ulaya waliotoa sadaka, na mwandishi wa leo akizinakili tu huandika historia ya chama cha misioni, si ya usharika. Mtu akitaja Pugu, kwa mfano, hutaja kwanza tarehe 13 Januari 1889, siku ile kituo cha Wabenediktini kiliposhambuliwa katika vita vya Abushiri, wamisionari watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Ni haki kuwakumbuka. Walakini kifo cha siku moja hakiwezi kuwa historia nzima ya mahali.

Pili, Tate anatufundisha kutokiamini kitabu kwa kuwa ni cha zamani tu. Vitabu vya parokia vya Uingereza vilianza kwa amri ya Thomas Cromwell ya mwaka wa 1538, siku za mfalme Henry wa Nane. Kila Jumapili padre alitakiwa kuandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa katika juma lililopita, mbele ya wazee wa kanisa. Na kitabu kitiwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padre na mmoja kwa wazee. Watu wakanung'unika, wakidhani ni hila ya kuwatoza kodi mpya. Baadaye, mwaka wa 1598, ikaamriwa kwamba vitabu viwe vya ngozi, vipate kudumu, na maandiko ya zamani yaliyokuwa katika karatasi yanakiliwe humo. Lakini amri ilisema yanakiliwe hasa tangu mwanzo wa utawala wa malkia Elizabeth, yaani mwaka wa 1558. Na makarani wengi, kwa uchovu au kwa ubahili wa ngozi, wakaanzia hapo hapo. Ndiyo sababu vitabu vingi vya Uingereza huanza mwaka wa 1558, wala si 1538. Miaka ishirini ya watu imeanguka nje, si kwa moto wala kwa mchwa, bali kwa neno moja katika amri na kwa mkono wa mnakili. Somo hili lastahili kubandikwa ukutani mwa kila ofisi ya usharika. Kitabu kizuri, kisafi, chenye mwandiko mmoja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, chapasa kutiliwa mashaka kabla ya kusifiwa; maana yaelekea ni nakala, na nakala huacha mambo.

Tatu, na hapa Tate aeleza vizuri kuliko J. Charles Cox aliyemtangulia kwa kitabu chake cha mwaka wa 1910, ni habari ya safu. Cox alipenda vioja: radi iliyopiga mnara, mzee aliyeishi miaka mia, tusi la padre juu ya jirani yake. Ni raha kumsoma, lakini msomaji hubaki na kapu la ajabu lisilo na mpango. Tate huonyesha jinsi umbo la kitabu linavyotawala yanayoandikwa ndani yake. Kwa sheria ya mwaka wa 1812 vitabu vya ubatizo vya Uingereza vilianza kuwa na kurasa zilizopigwa chapa: tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, makao, kazi ya baba, na jina la aliyebatiza. Tangu hapo habari zikawa sawasawa kila mahali, nayo ni faida kubwa kwa mwenye kuhesabu. Ila ukoo wa mama haukupewa safu. Mwanamke akaandikwa kwa jina lake la ubatizo na jina la ukoo wa mumewe, basi. Alikotoka kukapotea, isipokuwa mahali ambapo karani alijisumbua kuandika zaidi ya alivyoulizwa.

Makarani wa namna hiyo walikuwako. Aliye bora kwa shauri letu ni Thomas Harridance, karani wa kanisa la Mtakatifu Botolph lililo Aldgate, London. Jengo lisimamalo pale leo ni la miaka ya 1741 hadi 1744, kazi ya George Dance mkubwa. Lakini parokia ni ya kale zaidi, na katika siku za malkia Elizabeth karani huyo alikuwa na desturi ya kuandika madaftari marefu, mbali na kitabu cha kawaida. Tarehe 3 Juni 1597 alibatizwa hapo mwanamke Mwafrika, Mary Fillis, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, mtumishi wa mshona nguo aitwaye Millicent Porter. Mwingine angaliandika mstari mmoja: mwanamke mweusi, Mary, mtumishi wa fulani. Harridance aliandika kwamba babaye alikuwa Fillis wa Morisco, na kwamba kazi yake ilikuwa kusuka vikapu na kutengeneza sepetu. Akaandika tangu lini yupo Uingereza, na nani alikuwa bwana wake kabla ya Millicent Porter. Akaandika na jinsi alivyohojiwa imani, akajibu, akasali Sala ya Bwana. Zaidi ya miaka mia nne imepita, na mtaalamu Miranda Kaufmann, katika kitabu chake Black Tudors cha mwaka wa 2017, ameweza kumpa Mary Fillis sura nzima, kwa sababu karani mmoja aliuliza: baba yako nani, naye alifanya kazi gani?

Tunataka msomaji apime maneno hayo vizuri. Fillis lasikika kama jina la Kiingereza, na Morisco ni neno ambalo Wazungu wa siku zile walitumia kwa watu wa asili ya Kimoro. Basi karani aliandika alichosikia kwa sikio la Kiingereza. Jina alilompa mama yake, kule alikozaliwa, halimo. Hata karani mwema hupata nusu tu. Lakini vikapu na sepetu havikubuniwa na sikio. Hivyo ni vya baba wa mtu, wala si vya mtumishi wa fulani.

Sasa tuje Uzaramo, maana huku ndiko tulikokuwa tukielekea.

Chama cha Misioni ya Kiinjili cha Afrika Mashariki ya Kijerumani kiliundwa Berlin mwaka wa 1886. Mmisionari wake wa kwanza katika pwani yetu, Johann Jakob Greiner, alifika Dar es Salaam mwaka wa 1887. Mwaka wa 1892 akafungua kituo cha Kisarawe, na mwaka wa 1895 kikafunguliwa cha Maneromango. Mwaka wa 1903 vituo vya Uzaramo vikatiwa mikononi mwa chama kingine, yaani Misioni ya Berlin, ambayo ilikuwa kongwe na kubwa zaidi. Kile chama cha kwanza kikahamia Bethel, karibu na Bielefeld, mwaka wa 1906. Haya si mambo ya ofisi tu. Mwenye kutafuta barua za Kisarawe za miaka kumi ya kwanza hutazama kati ya makaratasi ya Bethel, ambayo leo yako Wuppertal. Mwenye kutafuta za baada ya 1903 hutazama kati ya yale ya Berlin. Sanduku letu, basi, liligawanyika vipande vitatu: viwili Ulaya, na kimoja, yaani vitabu vya usharika vyenyewe, huku kwetu. Hapa ndipo ulipo upungufu wa Tate tuliousema. Anachukua kwa hakika kwamba sanduku liko kanisani, kwamba mwandiko ni wa lugha ya walioandikwa, na kwamba wazee waliotia sahihi walikuwa jirani zao. Hakuna hata moja katika hayo matatu tuwezalo kulichukua bila kulichungua.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi ya gazeti hili. Mwandishi Mjerumani alisikia sauti za Kiswahili na Kizaramo kwa sikio lake, akaziandika kwa herufi zilizozoeleka kwao. Kwao herufi s mbele ya irabu husomwa kama z yetu. Kwa hiyo Uzaramo iliandikwa Usaramo, Zanzibar ikawa Sansibar. Alipotaka s yetu isomwe vema katikati ya neno, akaiandika mara mbili. Ndiyo maana Kisarawe huonekana Kisserawe katika vitabu vyao, na Nyasa huonekana Njassa. Neno hilo la mwisho laonyesha na jambo jingine, kwamba y yetu iliandikwa j, kama Bagamojo. J yetu ikawa dsch, sh ikawa sch, ch ikawa tsch. Mwalimu akikuta katika kitabu cha kale jina Seinabu, na asijue haya, atadhani ni jina geni lililokwisha kusahauliwa, kumbe ni Zainabu. Akikuta Dschuma atajikwaa, kumbe ni Juma. Tumewahi kuona orodha za majina zilizotengenezwa kwa ajili ya sikukuu, ambamo Wakristo wa kwanza wamepewa majina ambayo hakuna Mzaramo wala Mswahili aliyeitwa hayo tangu dunia kuumbwa.

Tena si kila Mjerumani aliandika kwa njia moja. Jina la kabila lenyewe ni ushahidi wa kutosha. Serikali na wasafiri waliandika Saramo. A. Worms, aliyetoa sarufi fupi ya lugha hiyo mwaka wa 1897, aliandika Ki-Zaramo. Profesa Carl Meinhof, katika masomo yake ya lugha za Afrika Mashariki, aliandika Dzalamo mwaka wa 1907, na kwa kweli yeye ndiye aliyekaribia zaidi matamshi ya wenyewe, ambao ulimi wao hupenda l kuliko r. Kwa hiyo mnakili asikurupuke kutengeneza kanuni moja ya kugeuza kila s kuwa z. Amtazame kwanza mwandishi wa ukurasa ule: huandikaje majina ya mahali tunapopajua? Hapo ndipo atapata ufunguo wa majina ya watu asiowajua. Na habari ya mwandiko isimtishe. Ule mwandiko wa kale wa Kijerumani ni mgumu, ambamo e hufanana na n na mgeni hupotea mara moja. Lakini ilikuwa desturi yao kuandika majina na maneno ya kigeni kwa herufi za Kilatini, hata katikati ya sentensi ya Kijerumani. Mara nyingi, basi, lile jina tunalolitafuta ndilo neno jepesi kusomwa katika mstari wote.

Lakini kulisoma jina si kumjua mtu. Kituo cha Kisarawe kilikuwa na watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, na hao walikuwa sehemu kubwa ya Wakristo wa mwanzo, maana Wazaramo wenyewe walikuwa wazito kuja, na wengi wao wakaifuata dini ya Kiislamu. Mtu wa namna hiyo alikuwa na majina matatu. La kwanza alipewa na mama yake, huko Unyasa au Uyao au Umanyema. La pili alipewa njiani au pwani na aliyemnunua: Mabruki, Feruzi, Baraka, Uledi, Farjala, majina ya kutakia heri aliyopachikwa mtu asiye na heri. La tatu alilipata kwa maji ya ubatizo. Sasa kitabu cha ubatizo, kikifuata desturi, huandika jina jipya, na pengine jina la zamani kando yake. Msomaji wa leo huliona hilo la zamani akashangilia, akidhani amefika kwenye asili. Hajafika. Kama ni Mabruki, amefika sokoni tu. Nasi twaona kosa hili hata katika kazi za wataalamu, kwamba jina lisilo la Kikristo huhesabiwa moja kwa moja kuwa jina la Kiafrika la kuzaliwa.

Wapo waliojaribu kuvuka soko hilo. Mwaka wa 1887 A. C. Madan wa Misioni ya Vyuo Vikuu alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi yaliyoandikwa na wanafunzi wa shule za misioni hiyo, wengi wao wakiwa watoto waliookolewa utumwani. Wanaeleza kwao, vita, kutekwa, njia, bahari. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani kilihamishwa mwaka wa 1925 kutoka Unguja kuja Minaki, ambapo leo pana shule ya sekondari ya serikali. Hivyo Kisarawe ni mrithi wa maandiko hayo kwa njia yake. Ni kitabu cha thamani, na tungetamani kila kituo kingalifanya vivyo hivyo. Hata hivyo hatuwezi kumwacha Madan bila kumlaumu kwa jambo moja. Yeye aliyekuwa fundi wa kamusi, aliyejua uzito wa kila neno la Kiswahili, alitupa masimulizi hayo kwa Kiingereza chake. Tunasikia kijana akisema, lakini hatujui alitumia neno gani kwa kutekwa: je, alisema aliibwa, au aliuzwa, au aliwekwa rehani? Kwa Mwafrika wa siku zile hayo yalikuwa mambo matatu mbalimbali, yenye wakosaji mbalimbali. Wa tatu huenda alikuwa mjomba wake mwenyewe. Kiingereza kimeweza kuyafunika yote chini ya neno moja.

Na huyo mjomba anatuleta kwa Wazaramo wenyewe. Ukoo wa Mzaramo huhesabiwa kwa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno katika urithi na ndoa, hata kama Uislamu na sheria za serikali zimepunguza nguvu zake. Kitabu cha kanisa, kilichotengenezwa kwa mfano wa Ulaya, huuliza baba kwanza. Twaona basi jambo la kuchekesha na kuhuzunisha pamoja: Mwingereza wa mwaka wa 1813 aliacha ukoo wa mama, na hasara ilikuwa nusu, lakini kitabu kikiuacha kwa Mzaramo, hasara ni karibu nzima, kwa maana hicho ndicho kitu ambacho jirani zake walimjua kwacho. Wala wamisionari hawakuwa wajinga wa mambo haya. Martin Klamroth, aliyekuwa mkuu wa misioni ile Dar es Salaam, aliandika kati ya 1910 na 1913, katika gazeti la lugha lililotolewa Ujerumani, makala marefu juu ya imani za Wazaramo, na kutoka kwake twapata habari nyingi tulizo nazo za Kolelo na maneno yake ya wakati wa Maji Maji, mwaka wa 1905. Ni kazi ya mtu aliyesikiliza. Lakini elimu hiyo ilikwenda kwenye gazeti la wataalamu, na vitabu vya usharika vikaendelea na umbo lile lile. Upande mmoja wa meza palikuwa na desturi zisizo na majina ya watu. Upande wa pili majina ya watu yasiyo na desturi. Hatumlaumu Klamroth peke yake. Wengi wamefanya hivyo, hata katika gazeti hili.

Yapasa kutaja pia majina ya nyumbani ambayo ubatizo uliyasukuma kando. Chausiku alizaliwa usiku. Mwanamvua, mvua ikinyesha. Mwajuma, siku ya Ijumaa. Tabu na Shida hueleza hali ya nyumba siku ile. Mosi, Pili na Tatu huonyesha nafasi ya mtoto kati ya ndugu zake. Mnakili mwenye haraka, akitaka orodha yake iwe ya Kikristo safi, akiandika Maria akaacha Chausiku, ameacha saa ya kuzaliwa ambayo hakuna safu nyingine iliyoihifadhi. Kwa watu wasio na kalenda ya kuandikwa, jina ndilo lililokuwa cheti.

Kuna miaka ambayo twamwomba mwandishi wa historia aipe kurasa nyingi kuliko ilivyozoeleka. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, kazi ya wamisionari Wajerumani ilikatika, hata wakaondolewa nchini. Hawakuanza kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Wakati ule kazi ya sharika ilibaki mikononi mwa waalimu na wazee Waafrika. Anayejulikana zaidi ni Martin Ganisya, aliyekuwa mtumwa utotoni mwake, kisha akawa mwalimu na kiongozi wa Wakristo wa Dar es Salaam. Masimulizi ya misioni hupenda kupita miaka hii upesi, kama mtu avukaye mto kwa kuruka, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuandika taarifa ya kupeleka Berlin. Kwetu sisi jambo hilo lingepaswa kuwa kinyume. Mahali popote ambapo mwandiko wa kitabu wabadilika, na Kijerumani chageuka Kiswahili, hapo ndipo mwanahistoria asimame. Maana hapo karani ni jirani wa waliobatizwa, kama Harridance alivyokuwa jirani wa watu wa Aldgate. Aandike ukurasa wa ngapi, tarehe gani, mkono ulibadilika. Mwaka wa 1940 Wajerumani wakaondolewa tena kwa vita ya pili, na Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia. Palepale tena mkono utabadilika.

Limebaki jambo gumu, ambalo Tate hakulazimika kulipima. Katika sanduku la Kiingereza mna karatasi za kuwatafuta baba wa watoto wa nje ya ndoa, pamoja na majina yao. Tate azieleza bila wasiwasi, na ni haki yake, kwa kuwa wahusika wamekufa karne nyingi zilizopita. Lakini huku kwetu, mjukuu wa aliyeandikwa kuwa mtu wa utumwani yuaketi leo katika benchi lile lile na mjukuu wa jumbe, na kila mtu wa pwani ajua ni tusi gani kumwambia mwenzio kwamba babu yake alinunuliwa. Tumesikia mashauri mawili. Wengine husema yachapishwe yote, ukweli ni ukweli. Wengine husema kurasa hizo zisinakiliwe kabisa, ziliwe na mchwa, aibu iishe. Shauri la pili tunalikataa kwa nguvu. Atakayeziacha kurasa hizo atarudia kazi ya makarani wa 1598, tena kwa kukusudia, na watakaoanguka nje ni wale wale waliokwisha kupotezewa jina mara mbili. Shauri la kwanza nalo hatulikubali kama lilivyo. Kunakili ni jambo moja, kupiga chapa ni jingine. Kila mstari unakiliwe na kutunzwa. Bali katika kitabu cha sikukuu kinachouzwa mlangoni, asili ya mtu isitajwe mpaka jamaa zake wameulizwa na kukubali. Twajua familia ambazo zikiulizwa kwa heshima hukubali, na huongeza habari ambazo hakuna kitabu kinazo: jina la mto, jina la kilima, wimbo wa bibi ambao hakuna tena aelewaye lugha yake. Zikitangaziwa bila kuulizwa, hufunga mlango, na haufunguki tena.

Wachungaji wa Kibaha wasidhani haya hayawahusu. Mji wao ulikua hasa baada ya kile kituo cha elimu kilichofunguliwa mwaka wa 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na makanisa yake mengi ni machanga. Lakini watu wake hawakuota pale kama uyoga. Walihama, na mababu zao wameandikwa mahali pengine, wengine Kisarawe au Maneromango au Dar es Salaam. Mchungaji anayempokea mhamiaji na kumwandika katika kitabu kipya anaweza kuuliza swali moja zaidi ya yale yaliyopigwa chapa: ulibatizwa wapi, na mama yako ni wa ukoo gani? Nafasi ikiwa haitoshi, pembe ya ukurasa ipo. Harridance naye aliandika nje ya kitabu cha kawaida.

Kwa mwalimu atakayeanza kunakili mwaka huu, twashauri hivi. Aandike kila jina herufi kwa herufi kama alivyolikuta, hata likiwa na dsch na ss. Na kando yake, kwa wino mwingine, aandike asomavyo yeye, akitia alama ya kuuliza mahali asipo na hakika. Asirekebishe kamwe ndani ya mstari wa kwanza. Majina ya zamani asiyaache, wala asiyaite ya kuzaliwa pasipo ushahidi. Jioni aende na orodha kwa wazee, akawasomee kwa sauti, kwa kuwa sikio la bibi hutambua jina ambalo jicho la mwalimu limelishindwa; na wakitaja ukoo wa mama, aandike, pamoja na jina la aliyesema. Nakala zifanywe mbili. Hii nayo ni desturi tuliyoikuta katika sanduku la Tate: tangu 1598 kila parokia ya Uingereza ilitakiwa kupeleka kwa askofu kila mwaka nakala ya yaliyoandikwa, na makanisa mengi ambayo vitabu vyao vimeungua au kuoza huokolewa leo na nakala hizo. Basi moja ikae kituoni, ya pili ipelekwe kwenye ofisi ya dayosisi Dar es Salaam, na chini ya kila ukurasa aliyenakili aandike jina lake na tarehe.